Nilikuwa Ukumbini

Lewisham, Jumapili, 8 Septemba 2024. Asubuhi ya manyunyu na upepo. Nguo nimezianua mara mbili.

Mdogo wangu Haifa,

Assalamu alaikum wewe na shemeji Sultan. Sisi hapa wazima. Goti la Vuai limeshafanyiwa operesheni, sasa anatembea na fimbo na amekuwa mkali kama mwalimu mkuu mstaafu. Hata televisheni anainyooshea. Mimi niko pale pale hospitali, dirisha la miadi, nawaambia watu warudi baada ya wiki sita. Jirani yangu Daksha wa ghorofa ya juu anakusalimu. Hakujui, lakini ni mtu wa kusalimu.

Najua utauliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Simu tunapigiana kila Ijumaa, na kila Ijumaa tunazungumza bei ya nazi mpaka Sultan anaitaka simu yake. Jambo lenyewe huwa halitoki. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Jambo ni hili: mwanangu Miska anakuja kwenu. Ile okestra ya vijana iliyomchukua baada ya kumaliza chuo itazunguka Japani, na Jumamosi tarehe 16 Novemba watapiga Osaka. Ukumbi gani hajaniambia, nami sijamuuliza, kwa hiyo nimekwenda maktaba nikazisoma kumbi za mji wenu kama mtu anayetaka kununua mmoja. Upo ule mkubwa wa kisiwani katikati ya mito, viti elfu mbili na mia saba. Huo mimi ningekwenda msalani nisirudi. Upo mdogo karibu na ngome, viti mia nane na kitu, una taa za kuning'inia kama za nyumba ya bwana harusi. Na upo ule wanaouita Symphony Hall, viti elfu moja mia saba na vinne, ambao ukijaa watu sauti hubaki hewani sekunde mbili baada ya mpigaji kuacha. Sekunde mbili, Haifa! Kwetu Wete sauti ilitoka mdomoni ikaenda moja kwa moja kwa jirani.

Mimi siwezi kuja kwa sababu ya kazi. Naomba uende badala yangu, ukae, usikilize, uniandikie. Nataka kujua wapigaji wa viola, ile fidla nene ya Miska, wanakaa upande gani, Miska anafanya nini na uso wake wakati wenzake wanapiga yeye hapigi, na je, anapiga vizuri? Usiniambie vizuri kwa sababu ni mtoto wetu. Niambie kama mtu baki.

Dada yako,
Mwanamwema

*

Osaka, 29 Septemba 2024

Dada Mwanamwema,

Waalaikum salaam. Barua yako imeanza kama taarifa ya hali ya hewa ya redio. Nilingoja utaje kina cha bahari. Sisi wazima. Sultan anapeleka magari Mombasa na Dar kama kawaida, na kila gari analolipeleka analisifu kwa mnunuzi mpaka inamsikitisha kuliachia. Mimi bado nafundisha Kiingereza watoto wa chekechea. Kiingereza chenyewe cha Wete, kwa hiyo kuna kizazi kizima cha Osaka kitakachokuja kusema "gudi moningi ticha" kama sisi.

Tikiti nimezipata, mbili. Ukumbi ni ule wako wa sekunde mbili. Viti vya bei nafuu viko nyuma ya okestra, juu, unawatazama migongoni. Kwa hiyo uso wa Miska siuahidi. Kisogo utapata chote.

Lakini dada, kuna kitu sikielewi. Tangu mtoto ana miaka kumi na sita unaniandikia: "Juzi nilikuwa ukumbini, Miska alipiga." "Jumapili tulikuwa ukumbini, baridi kali." Barua ninazo, nimezihesabu, ni kumi na moja. Wewe uliyekaa ukumbini mara kumi na moja unaniuliza mimi wenye viola wanakaa upande gani?

Mdogo wako asiye mjinga sana,
Haifa

*

Lewisham, Jumapili, 13 Oktoba 2024. Ukungu mpaka saa nne, halafu jua la kujifanya.

Mdogo wangu Haifa,

Salamu nimezipunguza maana jambo ni refu. Vuai ameiacha fimbo, Daksha amekuja kuiazima.

Umenishika. Nilikuwa ukumbini, sikukudanganya, ila hukuniuliza ukumbi wa wapi. Nyumbani kwetu ukumbi ulikuwa sehemu gani? Unafungua mlango wa nje, unavua viatu, pale penye mkeka na baiskeli ya baba, kabla hujafika vyumbani. Basi mimi huko ndiko nilikokuwa. Kumbi kumi na moja za London nazijua zote mpaka mlango wa ndani. Niulize mazulia. Niulize wapi sabuni ya msalani haikauki, wapi wanakuacha ukae na chupa yako ya chai na wapi wanakutaka ununue yao. Ndani kukoje, sijui, isipokuwa siku moja.

Daftari langu linasema Jumamosi, 11 Machi 2017. Miska ana miaka kumi na sita, okestra ya skuli, mashindano mjini. Siku hiyo niliingia, tena nimevaa ile nguo niliyovaa harusini kwako. Wakapiga, wakapiga, wakaacha. Kimya. Nikangoja watu washangilie. Nikatazama kulia na kushoto, wamekaa kama wanasubiri hukumu. Nikasema moyoni, hawa watu ni wagumu wa roho. Watoto wamejitaabisha hivi hakuna hata mmoja wa kuwafurahia? Nikapiga kigelegele. Unakijua changu. Nikapiga vitatu, na cha mwisho nikakipigia wima.

Kumbe ilikuwa bado. Kumbe muziki wao una sehemu nne, na kati ya sehemu na sehemu wanapumua. Mwenye tarumbeta aliinama chini ya kiti kwa kucheka, na Miska, ambaye ilikuwa zamu yake kuanza peke yake, alianzia mahali pengine kabisa. Hawakushinda. Katika basi la 185, tulipofika Catford, akasema kwa Kiingereza, kwa upole, na upole ndio ulioniumiza: "Mum, tafadhali usije tena kwenye mambo yangu." Saa nne kasoro dakika kumi usiku, nimeandika.

Basi sikuingia tena. Mimi ukiniambia kitu nakishika, ndiyo maana hospitali wananipenda. Kumpeleka nampeleka, koti namshikia, mlango wa ndani ukifungwa nabaki. Mara nyingine mtu akichelewa mlango hufunguliwa kidogo, nikapata muziki kiasi cha kijiko kimoja. Miaka saba navila hivyo vijiko. Sasa yeye mtu mzima, hajasema njoo, na mimi sijauliza. Nikiuliza akasema usije, nitakuwa nimeambiwa mara mbili.

Kwa hiyo hakuna cha kazi wala nini. Nenda wewe. Lakini uniapie kwamba hutapiga kigelegele, si katikati wala mwisho. Sauti yako na yangu moja. Hata marehemu baba alituita majina yote mawili kwa usalama.

Mwanamwema

*

Osaka, 27 Oktoba 2024

Dada,

Nimecheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka, kisha nikamsomea Sultan tukacheka wote. Nisamehe. Nimeapa. Nimemwapisha na Sultan, ingawa yeye hajui kupiga.

Haifa

*

Osaka, 24 Novemba 2024

Dada Mwanamwema,

Natumai goti la shemeji linaendelea vizuri. Huku majani yamekuwa mekundu, watu wanayapiga picha.

Tulikwenda. Ukumbi mzuri, umejaa. Miska alipiga vizuri. Viola wanakaa upande wa kulia ukiwa mbele, yaani kushoto kwetu tuliokaa nyuma.

Nina mafua kidogo. Nitaandika nikipata nafasi.

Haifa

*

Lewisham, Jumapili, 8 Desemba 2024. Upepo wa dhoruba tangu jana. Pipa la taka la Daksha limekutwa mtaa wa pili.

Haifa,

Wazima. Sasa nisikilize. Nimekusubiri wiki tatu, na kila Ijumaa kwenye simu unaniambia habari za majani. Barua imekuja na mistari sita, na mmoja ni wa mafua. Maswali yangu yalikuwa matatu, umejibu moja na nusu. Mtu aliyepeleka gari bovu Mombasa huandika hivyo.

Na huyu Miska naye amerudi na mambo. Nilimuuliza, "Osaka kulikuwaje?" akasema, "Kuzuri." Kwa Kiswahili! Huyu mtoto tangu ana miaka kumi na mmoja mimi namwambia kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiingereza, tumezoea kama watu wa kandokando ya mto. Kisha akaniuliza pasipoti yangu inakwisha lini. Nikamwambia Juni mwaka 2029. Akaenda zake kuoga.

Alikosea? Alianguka? Kamera ya ukumbi ilikuona unasinzia? Niambie. Mimi nimeshaaibika mbele ya watu mia nne kwa nguo ya harusi, hakuna kipya utakachonitisha nacho.

Mwanamwema

*

Osaka, 22 Desemba 2024

Dada yangu,

Sikuwa na mafua.

Tulikaa kule juu nyuma, mimi na Sultan, na mzee mmoja wa Kijapani aliyevaa suti kulia kwangu. Kabla hawajaanza lilitolewa tangazo: zima simu, na tafadhali msipige makofi mpaka yule anayewaongoza wapigaji, wanamwita kondakta ingawa hakati tikiti, atakapoishusha mikono. Nililisikia. Nililielewa. Miaka tisa niko nchi hii, siwezi kusingizia lugha. Nikachukua ncha ya mtandio wangu nikaiuma kwa meno tangu mwanzo, kwa tahadhari.

Sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, nimeuma. Watu wakipumua, nauma. Sultan akaninong'oneza, "Utaumeza huo." Kisogo cha Miska nimekitazama saa nzima, nywele amezifunga na utepe wa kijani. Sehemu ya mwisho wenzake wote walinyamaza, akapiga yeye peke yake. Ulitaka nikuambie kama mtu baki, basi nakuambia: sikumjua. Nilifikiri, nani huyu dada mkubwa, na wazazi wake wako wapi waone? Kisha wote wakaingia, wakapanda, wakaisha.

Kimya. Kondakta mikono bado juu. Watu elfu moja na mia saba hakuna anayemeza mate. Na mimi, dada, nikasikia vibaya. Nikaona, mtoto amefanya kitu kama kile na hakuna hata mtu mmoja wa kwao aliyefungua mdomo. Sijui mtandio ulitoka saa ngapi. Nilipiga. Kilikuwa kimoja tu, lakini kirefu, cha kumtoa bibi harusi. Na nilipomaliza mimi, ukumbi haukumaliza. Zile sekunde mbili zako, dada, ni kweli. Nilikaa nimefumba mdomo nikajisikia naendelea.

Kondakta mabega yaliruka, mikono ikashuka yenyewe, na watu wakalipuka kwa makofi, maana sheria ilikuwa mikono. Mzee wa suti akaniinamia. Nikamwinamia. Akaniinamia tena. Sultan alikuwa amejifunika uso kwa karatasi ya programu. Okestra iliposimama na kutugeukia sisi wa nyuma, nilikuwa chini ya kiti natafuta kiatu ambacho kilikuwa mguuni.

Sasa lile lililonishinda kuliandika. Tulishuka chini ukumbini (ukumbi wako, wa mazulia). Miska alikuja mbio, viola mkononi haijatiwa hata kwenye kasha, akapita watu, akanishika mkono.

"Mama yuko wapi?"

"Mama yupi?"

"Mamangu! Nimemsikia. Yuko wapi, amekwenda msalani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, ni mimi."

Hakukasirika. Ningemwelewa angekasirika. Aliutazama mlango wa msalani, kana kwamba huenda nimekosea. Akasema, "Nilidhani safari hii ameingia."

Nikamuuliza, kwani ulimwambia aingie? Akasema wewe huupendi muziki huu, unakaa nje na chai yako kumngoja kama mtoto wa skuli, na yeye ameona asikulazimishe. Basi nikafanya kosa la pili siku ile ile. Nilimwambia habari ya basi la 185.

Akasema, "Basi gani?"

Dada, hakumbuki. Kigelegele anakikumbuka, anasema wenzake walimtania wiki moja kisha wakaanza kumwomba awafundishe. Neno alilokuambia ndilo halikumbuki hata kidogo. Aliniomba nisikuandikie mpaka azungumze na wewe mwenyewe. Nimevumilia mwezi mzima, lakini naona nyinyi wawili mnaweza kungojana mpaka hiyo pasipoti iishe.

Nisamehe kwa kiapo.
Haifa

*

Lewisham, Jumapili, 9 Februari 2025. Asubuhi baridi kavu, barafu kwenye vioo vya magari, anga nyeupe.

Mdogo wangu Haifa,

Assalamu alaikum. Barua yako ilifika baada ya mwaka mpya na nimekaa nayo wiki tano, kwa hiyo usijione wewe peke yako una mafua. Vuai mzima. Daksha ameirudisha fimbo, sasa yeye na Vuai wanazungumza magoti ngazini.

Kwanza nilikasirika. Si kwako, kwa daftari. Miaka saba nimelitunza neno na tarehe yake, saa yake na namba ya basi, kumbe nimetunza hukumu ambayo hakimu mwenyewe aliisahau Jumatatu yake. Kama ningekuwa mvivu wa kuandika ningekuwa nimekaa ndani muda wote.

Jumamosi iliyopita Miska alikuja, tukamenya mihogo. Yeye alikuwa anangoja niseme, mimi nangoja aseme. Tumemenya mihogo ya kulisha harusi. Mwisho akasema, kwa Kiswahili chake cha kupapasa, "Mama, Jumapili ijayo tunapiga. Saa tisa mchana. Wewe ingia."

"Niingie ukumbini?"

"Ndani."

"Ndani ndani?"

"Ndani ndani, Mama. Kwenye kiti!"

Nikamwambia, "Na nikisahau nikapiga?" Akasema kwa Kiingereza, maana jambo lilikuwa zito, kwamba kule Osaka alipokisikia kile kigelegele alitoka mbio kunitafuta, na haikuwa kwa aibu. Kisha akaniambia muhogo wangu nimeumenya mpaka umekwisha.

Basi leo nimekwenda. Usiku wa jana sikulala. Nilisoma kuhusu muziki wenyewe, sehemu tatu, nikaandika kwenye kiganja alama tatu za kufuta moja moja ili nisidanganyike tena na kimya. Mlangoni yupo Ushma, mkaguzi wa tikiti, ananijua tangu enzi za chupa ya chai. Akaniona nakuja na tikiti mkononi. "Leo vipi, umepotea njia?" Nikamwambia, "Leo naingia." Akaifungua ile milango yote miwili, ingawa mmoja ungenitosha.

Haifa, ndani ni kuzuri. Kuna joto. Viti vya mahameli, vinakukumbatia mgongoni kama mtu aliyekungoja. Safu ya F, kiti cha 12. Wakatoka, Miska akanitafuta kwa macho, akaniona, akakaa, akaiweka viola shingoni. Uso wake wakati hapigi: anauma mdomo wa chini kama baba akihesabu karafuu. Nikasema, haya, sasa sitakosa hata kijiko.

Wakaanza. Nikafuta alama ya kwanza.

Kilichonizindua ni makofi. Nilipiga makofi kuliko mtu yeyote pale, nikasimama, nikawa wa mwisho kuacha. Kiganjani alama mbili bado zipo.

Kwenye basi nikamwambia, "Mashaallah, mwanangu, hasa ile sehemu ya mwisho."

"Umelala, Mama."

"Sikulala. Nilifumba macho kwa kusikiliza."

"Ulikoroma. Nimekuona na nimekusikia. Tulipofika pale pa taratibu, pa kimya, wewe ndiyo ulikuwa unapiga peke yako."

Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Nilikoroma sana?"

Alicheka mpaka akaniangukia begani, na mtu wa kiti cha mbele akageuka kutazama, na Miska akamwambia, "Ni mamangu." Halafu akanifuta machozi kwa mkono wa koti, maana na mimi nilikuwa nacheka, au vyovyote utakavyoita. Tulipofika Catford akasema, "Alhamisi tunapiga tena. Uje. Lakini mchana ulale."

Nimeshaomba ruhusa kazini.

Dada yako,
Mwanamwema

Nimeongeza asubuhi, kabla ya kuifunga bahasha, kutoka kwenye daftari: Jumapili, 9 Februari. Usingizi wa kwanza, saa tisa na dakika ishirini alasiri, safu ya F. Wa pili, kitandani kwangu, saa sita na robo usiku.